Mkate wa Meza na Jirani Yangu Altje

Altje Kaunang hupanda maua yake kwa kijiko cha supu. Jembe halishiki. Anachimba kishimo chembamba, anatia kitunguu cha gladioli, anafukia, halafu anapapasa udongo kwa kiganja kama anayembembeleza mtoto alale. Na yanaota, marefu, yamesimama wima. Mimi yangu nayapanda kwa jembe na samadi ya kuku ya kutosha, nayo yanainamia barabarani yote kama wanaume wanaotoka harusini.

Nataka kueleza habari zake, kwa kuwa tumekaa jirani miaka sita na ni mtu wa kuelezwa. Shida ni kwamba siwezi kueleza zake nikaacha zangu, maana sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nyuma ya pazia namtazama.

Alizaliwa hapa hapa, kijijini kwetu juu ya mji wa Tomohon, katika nyumba ya mbao inayopakana na yangu. Aliolewa Manado, mji wa pwani, angali msichana, akakaa huko miaka ishirini na tano akishona mapazia ya watu. Hakujaliwa mtoto. Mume akafa, mama yake naye akafa, ndipo akarudi na cherehani moja na masanduku mawili. Nilimpokea mimi. Nilimpikia uji wetu wa maboga na mboga za majani, nikamsaidia kufuta buibui kwenye dari. Siku hiyo sikuwa na kinyongo naye hata chembe. Kinyongo kilikuja baadaye, taratibu, kama unyevu unavyopanda ukutani huku kwetu kwenye baridi.

Yalianza maua. Yakafuata mapishi. Keki yake ya nazi changa ilikuwa ikifika kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, sahani yake inamalizika kabla ya zaburi ya kwanza, na yangu inarudi nyumbani imefunikwa kitambaa vile vile. Mume wangu Hengki akinisaidia kuimaliza husema, "Si bora sisi tunapata kifungua kinywa." Anadhani ananifariji.

Lakini kilichonikera kuliko vyote kilikuwa ule utulivu wake.

Kila alfajiri Altje hukaa kwenye benchi la mlango wa jikoni kwake, na Biblia na kikombe cha kahawa. Anasoma kidogo, anafunga kitabu kidole kikiwa ndani, halafu anatulia. Saa nzima. Mguu hautikisiki. Kuku wanapita juu ya kandambili zake. Sisi wote huku tuna desturi ya kukaa na Mungu asubuhi kabla ya kazi, na mimi nimeishika tangu nilipopata kipaimara. Ila ya kwangu ilikuwa hivi: nasema Baba yetu uliye mbinguni, nainua jicho, namwona ametulia. Nasema utusamehe makosa yetu, nainua jicho, bado ametulia. Nikawa najiuliza, huyu anapewa nini ambacho mimi sipewi? Mwisho nikawa siombi kitu, nangoja tu nione atainuka saa ngapi.

Kitu kimoja nilikuwa nacho mimi ambacho yeye hakuwa nacho. Mkate wa Meza.

Mara nne kwa mwaka kanisa letu hushiriki Meza ya Bwana, na mkate wake haununuliwi. Huokwa na mwanamke mmoja aliyepewa kazi hiyo. Kabla yangu alikuwa mama mkwe, na vidole vyake vilipojikunja kwa uzee akanikabidhi mimi. Nimeoka miaka kumi na tisa. Ni mkate wa kawaida tu, unga, chumvi, sukari kidogo, mafuta kidogo. Lakini hauumuliwi kwa hamira ya dukani, hiyo ni ya keki na maandazi. Mkate wa Meza huumuliwa kwa tembo tamu lililogemwa alfajiri ile ile. Hakuna mahali palipoandikwa, ila ndivyo tulivyokuta.

Mgema wetu ni Om Weli. Om maana yake mjomba, na hata wanaomzidi umri humwita hivyo. Yeye huleta tembo la namna mbili kwenye mianzi iliyo sawa. La kuumulia unga halitiwi kitu, na mwanzi wake huzibwa kwa jani. La kupikia sukari guru hutiwa magome ya mti na chokaa kidogo huko huko juu, lisichachuke njiani, na hilo huzibwa kwa nyuzi nyeusi za mti wenyewe unaogemwa. Tembo lililokatazwa kuchachuka haliwezi kuumua kitu. Likandie unga, unga utalala kama maiti. Aliyekulia huku akabaki huku anajua. Altje aliondoka msichana. Tena Altje hagusi tembo hata kwa ncha ya ulimi. Baba yake alilinywa mpaka likamuua, na mtoto aliapa mbele ya jeneza akiwa na miaka kumi.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya Pasaka, niliungua mkono kwa mafuta ya kukaangia ndizi. Wazee wa kanisa wakamwomba Altje aoke badala yangu. Nilimwelekeza mwenyewe nikiwa nimekaa na mkono umefungwa kitambaa, na tembo nikamwonjea mimi. Basi akaoka.

Tulipotoka ibadani, mzee Tumbelaka, ambaye ana meno manne na ulimi wa watu wawili, alisimama mlangoni akasema, "Mkate wa leo umeyeyuka wenyewe mdomoni. Ule wa siku zote mpaka uusukume na divai."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Nilicheka mpaka nyumbani.

"Mzee anatania tu," Hengki akaniambia jikoni.

"Najua anatania."

"Mbona basi unakata vitunguu? Chakula si kimeshaiva?"

Mwezi wa Julai ndio mwezi wetu wa Sikukuu ya Shukrani. Kila nyumba inapika, milango inakaa wazi, anakuja unayemjua na usiyemjua, anakula. Jumapili hiyo huwa na Meza ya Bwana. Kwenye kikao cha kina mama mchungaji wetu, mwanamke ambaye ningeweza kumzaa, alinigeukia kwa upole.

"Mama Norce, mkono bado unakusumbua? Pumzika na safari hii. Dada Altje atatusaidia."

Mkono ulikuwa umepona tangu Mei. Nikasema, "Asante, Mama Mchungaji." Nilisema hivyo nikingoja mtu aseme hapana, mkate ni wa Norce. Niliangalia viti vyote. Mmoja alikuwa anatafuta miwani yake, mwingine anakula karanga.

"Kama Norce anaona ni sawa," Altje akasema.

"Ni sawa," nikasema.

Sasa, Jumamosi kabla ya Meza tuna ibada ya maandalizi, saa kumi jioni. Hapo mchungaji huuliza kama kuna mtu mwenye jambo na mwenzake. Kama lipo, mkalimalize, la sivyo kesho msisogelee Meza. Kwa kawaida tunainamisha vichwa, tunakohoa, tunaimba, tunakwenda zetu. Mkate unatakiwa uwe umeshaokwa kabla ya ibada hiyo.

Asubuhi ya Jumamosi Om Weli aliacha mianzi miwili barazani kwangu, kwa kuwa njia yake inaishia getini petu. Mmoja wenye jani, wa Altje. Mmoja wenye nyuzi, wangu, maana nilikuwa napika sukari ya dodoli, halua yetu ya mchele wa kunata. Nilikuwa nimetoka kuomba. Biblia ilikuwa bado mkononi. Niliiweka juu ya kiti, nikachomoa nyuzi kwenye mwanzi wangu, nikachomoa jani kwenye mwanzi wake, nikabadilisha.

Sikuwa nimepanga, na hilo halinisaidii kitu. Mikono ilifanya kazi hiyo bila haraka, kama inavyochambua mchele.

"Norce!" Altje akaita kwenye uzio. "Tembo limefika?"

"Limefika."

"Zuri?"

"Om Weli anasema la leo amelitoa kwenye mti mkubwa."

"Nionjee basi, mwenzangu. Wewe ndiye ulimi wangu."

Nikamimina kidogo kiganjani, nikaonja mbele yake. Lilikuwa na uchungu wa magome. "Tamu," nikasema, nikampa mwanzi juu ya uzio, naye akaupokea kwa mikono miwili.

Nikaingia ndani, nikachukua lile tembo zuri, nikakanda unga. Nilijiambia ni mkate wa nyumbani, wa wageni wa kesho. Lakini nilipima kipimo kile kile cha kanisa, mikate sita. Nilijua ninachongoja. Wake ukigoma watakuja kwangu, hawana kwingine.

Kufika saa nne unga wangu ulikuwa umeinua kitambaa. Nilifungua dirisha nisikilize upande wa pili. Altje alikuwa anaimba. Baadaye akawa anaimba nusu nusu. Baadaye akanyamaza. Saa sita alikuja kwa mlango wa nyuma amebeba bakuli tumboni.

"Hebu tazama huu."

Unga ulikuwa umelala chini ya bakuli, una rangi ya majivu. Alikuwa ameubonyeza kwa kidole na tundu lilibaki vile vile.

"Labda baridi," nikasema.

"Baridi gani? Nimeuweka juani, nimeuweka kando ya jiko, nimeufunika blanketi la marehemu mama. Nimeuombea hata. Mtu mzima mimi nimepiga magoti naombea unga." Alicheka kidogo, lakini macho yalikuwa mekundu. "Nitie hamira ya dukani?"

"Wazee watajua."

"Ndiyo. Watajua." Akaweka bakuli mezani. Ndipo akaona beseni langu na kitambaa kilivyovimba juu yake. "Umekanda na wewe?"

"Wa nyumbani."

"Basi Mungu hajanitupa. Niokoe, Norce. Oka wewe. Hii kazi ni yako tangu mwanzo. Mkono wako una kitu ambacho wangu hauna."

Miaka sita nilikuwa nataka kuyasikia maneno hayo, tena kutoka mdomo huo huo. Nami sitaficha kwamba yalikuwa matamu. Alipotoka nilikata unga, nikaviringa mikate, nikaipanga, na nilikuwa naimba wimbo ule ule alioukatisha yeye.

Mikate ilipokuwa motoni Hengki akaingia kufuata harufu.

"Si uliambiwa upumzike?"

"Wa Altje umegoma."

Akachungulia bakuli lililoachwa mezani. Akachovya kidole, akalamba, akakunja uso. Hengki aligema miaka saba kabla ya mgongo wake kuharibika.

"Hili ni tembo la sukari," akasema. "Kumbe Weli amezeeka kiasi hiki? Anachanganya nyuzi na jani?"

"Labda."

"Labda nini, hapa pana chokaa. Nitamwambia leo kanisani, mbele ya watu. Kazi ya Meza haichezewi. Akiona imemshinda amwachie mwanawe."

Nilifuta meza. Nilikuwa nimeshaifuta.

"Usimwambie," nikasema.

"Kwa nini nisimwambie?"

"Hakukosea."

Hengki alinitazama. Alichukua kofia yake akaenda kuwalisha nguruwe, na alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Ibada ni saa kumi. Sasa ni saa nane, mama."

Nilitoa mikate kwanza, nisije nikaiunguza. Halafu nikapita getini kwa Altje. Nilimkuta kwenye benchi lake, saa ambayo si yake, hana kitabu.

"Altje, tembo nililokupa ni la sukari."

"Om Weli ali…"

"Si Om Weli. Ni mimi. Nilitoa nyuzi nikaweka jani."

Akasema polepole, "Ukaonja."

"Nikaonja."

"Ukaniambia tamu."

"Nikakuambia tamu."

"Kwa ajili ya mkate?"

"Mkate. Na maua. Na…" Niliona aibu, lakini nilikuwa nimeshafika huko. "Na vile unavyokaa hapa asubuhi."

"Ninavyokaa vipi?"

"Umetulia. Saa nzima hutikisiki. Mimi nashindwa."

Altje alinikodolea macho. "Norce, hili ni goti. Nikishakaa haliinuki mpaka lipate joto. Usingizi wenyewe huwa unanipitia." Akajipiga goti kwa ngumi, si kwa mzaha. "Umeniibia mkate wa Bwana kwa ajili ya goti bovu?"

Nikasema, "Mikate imeiva. Nakuletea sasa hivi, uipeleke wewe. Hakuna atakayejua."

"Yaani nibebe uongo wako mpaka Mezani? Ondoka, Norce."

"Altje, dada yangu."

"Usiniite dada. Nenda kamwambie Mama Mchungaji mwenyewe. Mimi leo sifungui mdomo, nikiufungua nitasema mambo ya kusikika mpaka Manado."

Nilimkuta mchungaji ofisini kabla ya ibada, anapanga karatasi za nyimbo. Nilimweleza nikiwa nimesimama.

"Hiyo mikate iko wapi?" akauliza mwishoni.

"Kwangu. Sita."

"Imeumuka?"

"Vizuri sana," nikasema, na Mungu anisamehe, nilisema kwa majivuno.

Akafunika mdomo kwa mkono, sikujua anataka kulia au kucheka. Halafu akasema, "Hatutautumia, Mama Norce. Wala wako wala wake. Atatumwa mtu mjini akanunue mkate. Na kuhusu kusogea Mezani, siwakatazi, siwaiti. Mtajijua ninyi wawili."

Kwa hiyo Jumapili ile ya Shukrani, kwa mara ya kwanza tangu babu zetu, Meza ya kijiji chetu ilikuwa na mkate wa dukani, umekatwa vipande vya mraba vinavyofanana kama sabuni. Mzee Tumbelaka alikitazama kipande chake akamnong'oneza jirani yake, na watu wa benchi tatu wakasikia: "Huu wa kula au wa kuoshea vyombo?" Sahani ilipofika kwangu niliipitisha bila kuchukua. Benchi mbili mbele nilimwona Altje naye ameipitisha. Kanisa zima likaona. Huku kwetu mtu kupitisha sahani ni kama kusimama kwenye kiti.

Mikate yangu sita ililiwa nyumbani na wageni wa sikukuu, pamoja na nyama na pilipili. Waliisifu sana. Mwanamke mmoja wa kijiji cha chini, simjui, alinishika mkono akasema tangu azaliwe hajala mkate kama huo, akauliza kwa nini kanisani tuliwapa ule wa mraba. "Mle tu," Hengki akasema, akamjazia sahani.

Altje hakunisemesha wiki saba. Salamu alitoa, kwa kuwa ni mtu wa adabu, lakini salamu tupu. Mimi niliendelea kukaa dirishani asubuhi. Nilikuwa najua sasa kuwa ni goti, na bado nilimwonea wivu, maana hata alipokuwa amekasirika alikasirika ametulia. Wiki ya nane alinikuta napalilia kando ya uzio.

"Sijamaliza kukasirika," akasema.

"Najua."

"Lakini nimechoka nako. Una chumvi?"

Nikampa chumvi. Ndivyo ilivyokwisha, kama imekwisha.

Oktoba tulipokaa tena kikao cha kina mama, Mama Mchungaji aliuliza nani ataoka mkate wa Meza. Kila mtu alitazama sakafu.

"Altje," nikasema. Safari hii sikungoja mtu anipinge. Nilingoja kidogo tu.

"Nitaoka," Altje akasema. Hakusema tena "kama Norce anaona ni sawa," na ilinichoma.

Tembo siku hizi Om Weli humpelekea mwenyewe mlangoni, haliachwi kwangu. Altje hana tena wa kumwonjea. Nilimwona Jumamosi kabla ya Meza ya Oktoba amesimama na mwanzi, akatia tone moja kwenye ulimi, akatema, akasukutua maji mara tatu. Mtoto aliyeapa mbele ya jeneza, ameonja tembo akiwa na miaka hamsini na nne kwa sababu yangu. Hilo limebaki, nami sioni namna ya kulirudisha.

Kesho yake sahani ilipita. Altje alikuwa benchi la mbele yangu, nikaona mkono wake umechukua. Ikanifikia, nami nikachukua. Mkate ulikuwa laini kuliko wangu wowote wa miaka kumi na tisa, na wivu ulinijia pale pale, kipande kikiwa bado mdomoni. Nikakitafuna, nikakimeza, nikampa Hengki sahani.